Chura wa Kihansi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taja chura wa Kihansi, yule wa Tanzania ambaye maji ya maporomoko yake yalichukuliwa kufua umeme, kwenye daladala au kijiweni, utapata vitu viwili kwa mpangilio huohuo: kicheko, halafu swali. Kicheko nimekizoea. Maswali ndiyo nimeyakusanya hapa, yale yanayojirudia zaidi, na kuyajibu kadiri yanavyostahili. Mengine yana mambo mengi ndani yake, mengine sentensi mbili zinatosha.

Ni chura gani hasa?

Ni chura mdogo mno, mwenye rangi ya bizari. Jike mkubwa kabisa hafiki sentimita 3, na dume hafiki 2. Dume akikaa juu ya ukucha wa kidole gumba chako, ameujaza. Jina lake la kisayansi ni *Nectophrynoides asperginis*, na hilo neno la pili limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Aligunduliwa Desemba 1996 na Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 1999.

Lugha nyingine zina majina mawili, moja la chura wa ngozi laini na jingine la chura wa ngozi yenye vipele. Huyu kwa ukoo ni wa vipele, ingawa kwa sura amekonda na kuonekana laini kuliko binamu zake wanaoruka barazani usiku wa mvua. Sisi tunasema chura, na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo.

Anaishi wapi?

Kwenye korongo la mto Kihansi, ukingoni mwa milima ya Udzungwa, pale nyanda za juu za Iringa zinapokatika ghafla na kuangukia bonde la Kilombero. Hapo tu. Hajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani.

Na si korongo zima. Eneo lake lilikuwa kama hekta 2, yaani viwanja vitatu hivi vya mpira, na lenyewe limegawanyika vipande vipande chini ya maporomoko. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo niliyewahi kumsikia ambaye makazi yake ya asili unaweza kuyazunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, kama isingekuwa mteremko na utelezi.

Kwa nini eneo dogo kiasi hicho? Msitu si mkubwa?

Msitu ni mkubwa, lakini nyumba yake si msitu. Nyumba yake ni manyunyu.

Mto Kihansi uliteremka korongoni kwa nguvu kubwa, ukijipiga kwenye mwamba hatua kwa hatua. Kila ulipojipiga, maji yalipasuka yakawa ukungu mzito, na upepo wa maporomoko yenyewe ukausukuma ule ukungu kwenye miteremko ya kando. Pale ulipofika mchana na usiku, kiangazi na masika, miti haikuota vizuri. Badala yake paliota zulia la kuvumwani, nyasi laini na mimea midogo inayopenda miguu yenye maji. Joto halikupanda sana wala kushuka sana. Ilikuwa kama mvua isiyokatika tangu enzi na enzi.

Chura huyu alizaliwa kwa ajili ya mvua hiyo. Ngozi yake ni nyembamba, haivumilii ukavu. Alipata wadudu wadogowadogo humohumo kwenye zulia, akajificha humohumo, akazaa humohumo. Ukitoka hatua chache nje ya manyunyu unaingia msitu wa kawaida wenye kivuli na majani makavu chini, na huko kwake ni kama jangwa. Ndiyo maana mtu akisema "si angehamia pembeni kidogo", namwomba afikirie samaki akiambiwa ahamie pembeni kidogo ya ziwa.

Ni kweli hatagi mayai, anazaa?

Kweli kabisa, na hili ndilo ningependa watu wamjue kwalo kabla ya habari ya bwawa la umeme.

Chura wa kawaida hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi wenye mikia, wakakua miguu, na kadhalika, kama tulivyochora darasa la tano. Wa Kihansi hana habari na hayo. Mbegu ya dume huingia mwilini mwa jike, na watoto wanakulia tumboni mpaka watoke wakiwa vyura kamili, miguu minne, bila mkia. Kwa kawaida ni watoto 5 hadi 13 hivi kwa mzao mmoja.

Niliwahi kumtazama jike mmoja mwenye mimba kupitia kioo, kwa lenzi ya mkononi. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kama karatasi ya nailoni, na nyuma yake yalionekana madoa meusi meusi. Nilidhani ni chakula. Doa moja likageuka. Mwenzangu akaniambia, "Hao ni watoto." Wakizaliwa wana urefu wa milimita 5 hivi, weusi wa zambarau, hawana dalili ya ule umanjano wa mama. Punje ya mchele ni ndefu kuliko wao.

Kwa nini azae? Fikiria mahali anapoishi. Maji ya korongoni hayatulii, yanapiga mbio kwenye mwamba. Mayai ungeyaweka wapi?

Bwawa lilijengwaje bila mtu kujua kwamba yupo?

Hapa ndipo penye somo la uhandisi na la karatasi pia.

Mradi wa umeme wa Kihansi ulibuniwa wakati taifa lina njaa ya umeme. Fedha zilitoka Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wa Ulaya, na mwenye mradi ni TANESCO, shirika la umeme la taifa. Wazo lilikuwa zuri sana kitaalamu: mto unashuka takriban mita 850 katika umbali mfupi. Ukijenga bwawa dogo juu, la ukuta wa mita 25, ukayaingiza maji kwenye handaki na kuyaangusha kwenye mitambo iliyochimbiwa ndani ya mlima, unapata umeme mwingi bila kuzamisha vijiji wala mashamba. Watu waliohamishwa hawakuwa wengi, ziwa lenyewe ni dogo. Kwa macho ya wakati ule, mradi safi ulikuwa ndio huu.

Tathmini ya mazingira ilifanyika mapema miaka ya 1990. Ila ilitazama zaidi pale patakapojengwa: juu kwenye bwawa, barabara, kambi, mitambo. Korongo katikati, pale ambapo hapatajengwa kitu, halikupewa uzito. Na ndipo patakapoondolewa maji. Ujenzi ulikuwa umeshaanza katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipoingia korongoni kwa uchunguzi wa muda mrefu, na Desemba 1996 wakakutana na kachura ka njano kasikojulikana na mtu yeyote.

Mwaka huohuo wa 1996 Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai. Kwa hiyo wino wa saini ulikuwa haujakauka vizuri, na mtihani wa kwanza ukaja na urefu wa sentimita 2.

Mimi simlaumu mtu mmoja. Lakini mtu akiniambia chura "alijitokeza" kuzuia maendeleo, namrudisha kwenye mfuatano wa mambo. Yeye alikuwepo. Waliochelewa kubisha hodi ni sisi.

Maji yalipoondolewa kilitokea nini?

Mitambo ilianza kazi mwishoni mwa 1999 na kukamilika mwaka 2000. Sehemu kubwa ya maji, karibu asilimia 90, ikapita handakini. Maporomoko yakapungua yakawa uzi. Ukungu ukakatika. Zulia la kuvumwani likaanza kukauka, mimea ya kawaida ikaingia, na vyura wakajikusanya kwenye vipande vichache vilivyobaki na unyevu.

Ndipo ikaletwa suluhu ambayo wengi huisikia wakadhani ni utani: mabomba ya kunyunyizia. Maji yanachukuliwa mtoni juu kidogo ya eneo la vyura, yanateremka kwa uzito wake yenyewe bila pampu, yanachujwa mchanga, halafu yanatokea kwenye mamia ya vinyunyizio vyenye matundu madogo vilivyotandazwa mteremkoni. Umwagiliaji kama wa bustani, isipokuwa hapa kinachomwagiliwa ni mnyama.

Na ukweli usemwe: ilifanya kazi. Kufikia Juni 2003 hesabu zilionyesha vyura wapatao 20,000. Wengi tukadhani mambo yamekwisha.

Sasa walikufaje?

Ndani ya miezi michache baada ya hesabu hiyo, idadi ilianguka kama jabali. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu, na madume wawili wakasikika wakiita. Baada ya hapo kimya. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, likamweka kwenye kundi la viumbe waliotoweka porini.

Muuaji wa karibu anajulikana: kuvu wa ngozi anayeitwa *Batrachochytrium dendrobatidis*, ambaye wataalamu kwa kifupi humwita kitridi. Vielelezo vya vyura vilivyohifadhiwa vilipochunguzwa, kuvu huyo alionekana kwenye wale wa kipindi cha kufa, 2003, si kwenye wale wa zamani. Chura hutumia ngozi kunywa maji, kusawazisha chumvi na kwa sehemu kupumua. Kuvu akiivimbisha ngozi hiyo, chumvi za damu zinavurugika na mwishowe moyo unasimama. Ugonjwa huu haukuanzia Kihansi wala hauishii hapo. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2019 ulihesabu angalau spishi 501 za amfibia duniani zilizopungua kwa sababu yake, na 90 kati yake zikidhaniwa kutoweka kabisa.

Lakini mwaka huohuo wa 2003 yalitokea mambo mengine pia. Vinyunyizio viliwahi kukwama wakati wa kiangazi. Milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda kusafisha tope, na kwenye tope lile kukakutwa mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya juu. Siafu nao walikuwa wameonekana kwenye maeneo yaliyokauka.

Kwa hiyo nani aliwaua, bwawa au ugonjwa?

Mtu akiwa amedhoofika kwa njaa, malaria ikampiga akafa, cheti kitaandika malaria. Cheti hakidanganyi. Ila ndugu wa marehemu watakwambia habari yote.

Umeme wenyewe ni kiasi gani, na chura anatugharimu kiasi gani?

Kituo kina mashine tatu za megawati 60 kila moja, jumla 180. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa mgawo, hicho kilikuwa chakula kikubwa cha gridi ya taifa. Leo, Bwawa la Nyerere likiwa na uwezo wa megawati 2,115, Kihansi anaonekana mdogo, lakini bado anafanya kazi.

Sasa hesabu, ambayo watu hawapendi kuifanya kwenye mabishano. Wastani wa mto ni kama mita za ujazo 16 kwa sekunde. Kinachoachwa kipite korongoni, kwa masharti ya kibali cha maji, ni kati ya 1.5 na 2. Kila mita moja ya ujazo kwa sekunde ikishuka mita 850 na kupita kwenye mashine nzuri inatoa takriban megawati 7. Kwa hiyo mgawo wa chura na korongo lote ni kama megawati 10 hadi 14 zisizofuliwa. Si sifuri. Nani hajui bei ya umeme? Ila pia si "taifa zima gizani kwa ajili ya chura", maneno ambayo nimeyasikia kwa masikio yangu.

Na kuna jambo jingine halisemwi. Maji ya Kihansi yakitoka hapo yanaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere. Tone lililomnyeshea chura halikupotea, limeenda kufua umeme kwa njia ndefu zaidi.

Ni kweli walipandishwa ndege kwenda Marekani?

Ni kweli, na ndiyo maana bado wapo. Mwishoni mwa mwaka 2000, hali ilipoanza kuwa mbaya, vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Nambari hiyo nimeipenda daima: si 500, ni 499, kama mtu aliyehesabu kwa uaminifu mpaka mwisho.

Utani wa "chura kapata viza kabla yangu" umetoka hapo. Nami hucheka. Lakini safari ile haikuwa ya kutalii. Hakuna aliyekuwa anajua kuwatunza viumbe hawa ndani ya kioo. Waligawanywa kwenye bustani kadhaa, wakafa kwa wingi: minyoo ya mapafu, maambukizi mengine, lishe isiyokidhi. Mwishoni mwa 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70 kwa jumla. Ukumbuke, huo ndio mwaka ambao korongoni nako walikuwa wamekwisha. Spishi nzima, kutoka Tanzania, ingeenea kwenye beseni moja la kufulia, na beseni hilo lilikuwa nje ya nchi.

Bronx na Toledo, iliyoko jimbo la Ohio, ndizo zilizofaulu. Walijifunza mwanga unaofaa, maji yaliyochujwa, ukungu unaojiwasha kwa saa, na chakula cha aina nyingi: nzi wa matunda wasioruka, nyenje waliozaliwa jana. Kutoka wale wachache wakazaliwa maelfu.

Hao walioko Marekani ni mali ya nani?

Ya Tanzania. Isitoshe, vyura wa jenasi hii wamo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ile orodha kali kabisa, hivyo hawavuki mpaka bila vibali.

Walirudi?

Agosti 2010 walirudi 100 kutoka bustani hizo mbili, wakapokelewa kwenye maabara maalumu ya kuwazalisha iliyojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kituo kingine kikawekwa Kihansi kwenyewe. Mwaka 2012 wengine walirudishwa korongoni, kwanza wachache kwenye vizimba vya wavu ili kuona kama wataishi, kisha kwa mamia. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Nchi nyingine zingetengeneza stempu.

Baada ya hapo wamerudishwa tena na tena kwa awamu.

Basi wamepona?

Hapana. Kwenye orodha ya IUCN bado wamo kundi lilelile, waliotoweka porini, kwa sababu kuachia wanyama si sawa na kuwa na jamii inayojizalisha na kujitegemea miaka nenda rudi. Kuvu yupo korongoni, anaishi kwenye ngozi za vyura wengine wanaomvumilia, na huwezi kuufukiza mto dawa. Vinyunyizio navyo vinahitaji mtu wa kuzibua matundu. Kila siku. Hilo la matundu hakuna anayeliandikia makala, lakini mteremko mzima unategemea fundi mwenye brashi ndogo na spana.

Kwa nini wasipelekwe maporomoko mengine ambako hakuna bwawa?

Swali zuri, na limeulizwa na wataalamu pia. Shida ya kwanza, maporomoko yenye manyunyu ya mwaka mzima, joto lilelile na zulia lilelile hayapatikani kirahisi. Chura huyu aliishi kati ya mita 600 na 940 hivi juu ya usawa wa bahari, na maporomoko mengi ya Udzungwa hupungua sana kiangazi. Shida ya pili, huko nako kuna wenyewe. Milima hii kila bonde lina viumbe wake, na kupeleka mgeni, tena anayeweza kubeba kuvu, ni kucheza kamari na mali ya watu.

Ana sumu? Analiwa? Ni dawa?

Hana madhara kwako. Haliwi, na hata ukimla hungejua umekula kitu. Dawa ya ugonjwa wowote haijatoka kwake, na mtu akikuuzia kitu kwa jina hilo amekuibia.

Basi ana faida gani?

Nasita kidogo hapa, maana swali lina mtego. Nikisema "anatunza ikolojia", ni jibu la mtihani. Alikuwa kwenye hekta 2, hakushikilia nchi.

Nitasema nilichokiona. Kwa sababu ya kumtafuta yeye, watu waliingia korongoni na kukuta vitu vingine: kwa mfano mbuni pori, *Coffea kihansiensis*, spishi ya kahawa isiyojulikana kabla, iliyotangazwa mwaka 2004. Kwa sababu yake mto Kihansi unapimwa maji kwa umakini ambao mito mingine haijapata. Vijana wa Kitanzania wamesomea magonjwa ya amfibia hadi shahada za juu, jambo lililokuwa la wageni. Na tathmini za mazingira za miradi iliyofuata huulizwa swali ambalo zamani halikuulizwa: pale maji yatakapopungua, mmeangalia nini kinaishi?

Hata yote hayo yasingekuwepo, bado ningetaka abaki. Hiyo ni rai yangu, wala sikulazimishi.

Kuna vyura wengine wa milimani walio hatarini?

Wengi. Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa safu 13 za milima kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, mpaka kusini. Kila safu ni kama kisiwa chenye msitu wake wa mawingu, na kila kisiwa kina vyura wake. Jenasi hii ya *Nectophrynoides*, ya vyura wanaozaa, inapatikana Tanzania peke yake, na ina spishi zaidi ya kumi.

Baadhi wamepewa majina ambayo mzungumzaji wa Kiswahili akiyasoma lazima atabasamu. Milima ya Ukaguru ina chura wa mtini aliyetangazwa mwaka 2002 kwa jina la *Churamiti maridadi*. Ndivyo linavyoandikwa kwenye vitabu vya sayansi dunia nzima, chura, miti, maridadi, na kweli ni maridadi. Kuna *Arthroleptides yakusini*, na huyo hahitaji tafsiri. Kwa wasomaji wa Taita, yupo *Callulina dawida*, aliyepewa jina la kwenu wenyewe, anayeishi kwenye vipande vya msitu vilivyobaki juu ya vilima. *Churamiti* na *dawida* wote wako hatarini kabisa, na hawana mabomba wala bustani ya Bronx.

Nalima juu ya bonde, kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni za kiangazi. Mnataka niache?

Vinyungu ndivyo vinavyolisha watu wa Mufindi na Kilolo kiangazi, na anayekwambia uache bila kukuonyesha mbadala hajawahi kununua mahindi Januari. Ila mambo mawili yana uzito wa kweli. Dawa za kuulia wadudu: zisipulizwe karibu na kijito, wala bomba la kupulizia lisioshwe mtoni, maana kila kinachoingia kwenye kijito chako kinafika bwawani, kisha korongoni. Na milingoti, yaani mikaratusi: ikipandwa kwenye chemchemi inakunywa maji ambayo wewe mwenyewe utayatafuta Oktoba. Chura hapa si hoja ya kwanza. Kinyungu chako kikikauka utaumia kabla yake.

Naweza kwenda kuwaona?

Korongoni si mahali pa matembezi. Kuingia kunahitaji kibali, njia ni mwinuko na utelezi, na ukiruhusiwa utavuliwa au kuoshwa viatu kwa dawa kabla ya kukanyaga, kwa sababu kuvu husafiri kwenye tope la soli. Wapo wageni waheshimiwa wanaoudhika kwa kuambiwa waoshe buti. Waoshe tu.

Nimeona kachura ka njano nyumbani. Ndiye?

Karibu kila wiki napokea picha ya namna hii, kutoka Bagamoyo, Kigamboni, hata Mombasa. Siye. Mara nyingi huwa ni chura wa matete, ambaye naye ni mdogo na wengine ni njano inayong'aa. Mtazame vidole: wa matete ana ncha zilizotanuka kama vijiko vidogo, za kushikia jani, na utamkuta karibu na dimbwi au mfereji, akipiga kelele usiku kucha. Wa Kihansi hana vijiko hivyo.

Lakini kama uko miteremko ya Udzungwa, karibu na maporomoko, na kachura kenyewe kana rangi ya bizari, tumbo linaloonyesha ndani, na vidole visivyo na vijiko, usikashike. Piga picha mgongo, ubavu na mguu, weka kiberiti au sarafu kando ili ukubwa ujulikane, andika mahali na saa, kisha ipeleke picha hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye idara ya wanyama. Na uoshe viatu kabla hujashuka bonde jingine.